MJUKUU WA SAWMAI
Maisha ya Sheikh Abdulkadir Jilani na nyumba iliyomlea

Hapana mji katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu mpaka Vanga, ambao jina la Sheikh Abdulkadir Jilani halijulikani. Watu huwapa watoto wao jina lake kwa kutaraji kheri. Tarika ya Kadiria, ambayo Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909, aliieneza sana Unguja na mrima, inanasibishwa naye. Walakini ukiwauliza wengi katika wanaolitaja jina hilo wakueleze khabari zake, watakuhadithia maajabu. Ni wachache watakaokueleza ni nani aliyemlea, wala ni nyumba ya namna gani iliyomtoa mtu kama yule. Na sisi tumekusudia kuyaandika hayo, kwani ndani yake mna mafunzo tunayoyahitajia leo kuliko maajabu.

Tunayahitajia kwa sababu katika kila mtaa wetu zimo nyumba ambazo mama amerejea kwa wazee wake pamoja na watoto. Huyu amefiwa na mumewe, yule ameachwa, na wa tatu mume amesafiri na khabari zake zimekatika. Mtoto basi hukua chini ya dari moja na mama yake, babu yake na bibi yake. Juu ya nyumba hizi watu wana kauli mbili, na zote mbili zina makosa. Wako wanaomtazama mtoto huyo kwa jicho la kumpunguza, wakasema kuwa amelelewa na wanawake na wazee, basi hatafika popote. Na wako wanaodhani kwamba maadamu babu na bibi wako, kazi ya malezi imekwisha, na baba aliye hai hana tena la kuulizwa. Maisha ya Sheikh Abdulkadir yanazijibu kauli zote mbili.

KUZALIWA KWAKE

Sheikh Abdulkadir alizaliwa mwaka 470 wa Hijra, na wengine wakasema 471, nao ni kiasi cha mwaka 1077 au 1078 wa Masihia. Alizaliwa katika nchi ya Jilan, iliyo upande wa kusini wa Bahari ya Kaspi, ambayo leo ni sehemu ya kaskazini ya Iran. Ni nchi ya mvua nyingi na misitu, baina ya milima na bahari. Lugha ya watu wake si Kiarabu, na hilo ni jambo la kukumbukwa, kwani Sheikh huyu aliyekuja kuwa khatibu mkubwa wa Baghdad alifika mji ule akiwa ni mgeni wa lugha.

Baba yake aliitwa Musa, na kwa kunia Abu Salih. Mama yake aliitwa Fatima, na kwa kunia Ummul Kheri. Baba alifariki watoto wangali wadogo, akaacha wana wawili, Abdulkadir na nduguye mdogo Abdallah, na mali isiyokuwa nyingi. Mama akabaki na mayatima wawili mikononi mwake.

Lakini Fatima hakuwa peke yake. Baba yake mzazi, Abu Abdillahi Sawmai, alikuwa yu hai, naye alikuwa mmoja katika wacha Mungu waliojulikana katika Jilan kwa ibada na kutopenda dunia. Watoto wakakulia katika ulinzi wa babu yao mzaa mama. Na wanavyuoni walioandika khabari za Sheikh wametaja jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita bila ya kulisimamia, nalo ni hili: zama alipokuwa Jilan, Sheikh Abdulkadir alikuwa akijulikana kwa jina la mjukuu wa Sawmai.

Natusimame hapa kidogo. Kiarabu kina neno khasa la mjukuu aliyezaliwa na binti, nalo ni sibti, na ndilo walilolitumia watu wa Jilan kwa mtoto yule. Hapana shaka kwamba Kurani imetuamrisha watu tuwaite kwa baba zao, na amri hiyo haikuvunjwa. Nasaba ya Sheikh imehifadhika, na katika vitabu vyote yeye ni Abdulkadir mwana wa Abu Salih. Lakini njiani na msikitini, mtoto alipopita, watu waliuliza ni wa nani, wakajibiwa kuwa ni wa Sawmai. Jibu hilo lilikuwa ni sitara kwake. Yatima asiyekuwa na baba wa kumtetea alikuwa na jina la kuegemea, na jina lenyewe lilikuwa ni la mtu anayeheshimiwa kwa dini yake.

Wala hilo si jambo geni katika umma wetu. Hasan na Husein, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yao, ni wajukuu wa Mtume kwa binti yake, na umma mzima unawajua kwa babu yao. Na Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, baba yake alifariki kabla hajazaliwa, akafiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka 6, akalelewa na babu yake Abdulmutalib mpaka alipofika miaka 8. Basi mwenye kumdharau mtoto kwa sababu analelewa katika nyumba ya babu yake, na atazame vyema ni nani anaowadharau pamoja naye.

Upande wa baba nao haukukatika. Alikuwako shangazi yake, dada wa baba, aliyeitwa Aisha, mwanamke mwema. Imesimuliwa kwamba mwaka mmoja mvua ilikosekana Jilan, watu wakaomba wasipate, wakamwendea bibi huyu awaombee. Akafagia uwanja wa nyumba yake, kisha akamuelekea Mola wake kwa kumwambia kuwa yeye amekwisha fagia, basi Yeye anyunyizie maji. Na mvua ikanyesha. Tazameni hapo aliyeombwa ni nani. Aliyeombwa ni Mwenyezi Mungu peke yake. Na mtoto aliyekua akiyasikia hayo kwa jamaa zake alijifunza mlango wa kubisha ni upi.

JUU YA MAAJABU YA UTOTONI

Hapa imetulazimu tuseme neno. Ziko hadithi zinazosomwa katika hafla kwamba Sheikh, akiwa mtoto wa kunyonya, alikuwa hanyonyi mchana wa Ramadhani. Nyingi katika hadithi za namna hii zimetoka katika kitabu kiitwacho Bahjatul Asrar, alichokitunga Shattanufi, aliyefariki mwaka 713 wa Hijra, yaani mwaka 1314, karne moja na nusu baada ya Sheikh kufariki. Ibn Rajab, naye ni mwanachuoni wa madhehebu ya Sheikh mwenyewe ya Hanbali, amekilaumu kitabu hicho kwa yaliyomo ndani yake yasiyokubalika. Na Dhahabi, ambaye amemsifu Sheikh kwa sifa kubwa, ameeleza kwamba katika yanayohadithiwa juu yake mengi si sahihi.

Sisi hatukusudii kumpunguzia Sheikh daraja yake. Tunalolisema ni kwamba hadithi hizi zinawadhulumu watu wawili, mama yake na babu yake. Kama mtoto alizaliwa akiwa amekwisha kamilika, walikuwa na kazi gani wao? Mama aliyekesha, akafundisha, akaonya na kusubiri, huwa hana alilolifanya. Babu ambaye mtoto alimuona akisimama usiku kwa ibada huwa hakumuonyesha kitu. Na sisi wenye watoto huondoka katika hafla mikono mitupu, kwani hakuna mzazi awezaye kuiga ajabu ya utotoni. Lakini malezi yanaigika. Wahenga wetu wamesema kuwa kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana.

SAFARI YA BAGHDAD

Sheikh alipofika umri wa miaka 18 alitaka kwenda Baghdad kutafuta ilimu. Huo ulikuwa ni mwaka 488 wa Hijra, yaani 1095, mwaka ule ule ambao Imam Ghazali aliuacha ukubwa wa kusomesha katika madrasa ya Nidhamia, akautoka mji wa Baghdad. Mmoja akitoka na mmoja akiingia, kama kwamba mji haukuachwa mtupu.

Safari ile haikuwa jambo jepesi kwa mama mjane. Kijana wake mkubwa anataka kwenda nchi ya mbali, naye ajua kwamba huenda wasionane tena. Imesimuliwa kwamba Sheikh alimuomba ruhusa, naye akalia, kisha akainuka akaleta dinari 80 alizoziacha marehemu mumewe. Akamuwekea nduguye 40, na 40 akamshonea mwanawe ndani ya nguo, chini ya kwapa. Kisha akamchukulia ahadi moja, nayo ni kusema kweli katika kila hali, akamuaga kwa kumkabidhi kwa Mwenyezi Mungu.

Yaliyotokea njiani wengi tunayajua. Msafara ulipopita Hamadan, wanyang'anyi waliushambulia. Mmoja wao akamuuliza kijana ana nini, naye akajibu kwamba ana dinari 40 zilizoshonwa ndani ya nguo. Yule akadhani ni mzaha. Akapelekwa kwa mkubwa wao, akasema vile vile, nguo ikapasuliwa, pesa zikaonekana. Alipoulizwa ni kitu gani kilichomfanya akiri, alieleza kwamba amempa mama yake ahadi ya kusema kweli, naye hatomvunjia. Mkubwa wa wanyang'anyi akalia kwa kuwa kijana anachelea kuvunja ahadi ya mama yake, na yeye miaka yote ile anavunja ahadi ya Mola wake. Akatubu, na wenziwe wakatubu pamoja naye.

Kisa hiki kimo katika vitabu vya sifa zake, wala hatukiweki katika daraja ya hadithi sahihi. Lakini maana yake ni njema, na ndani yake mna jambo moja la kuangaliwa sana. Katika kuagana huku, anayetajwa ni mama. Yeye ndiye aliyeombwa ruhusa, yeye aliyeigawa mali kwa uadilifu baina ya wana wawili, na yeye aliyechukua ahadi. Kijana aliyejulikana kwa jina la babu yake hakumuona mama yake kuwa ni mtu mdogo katika nyumba. Neno la mama lilikuwa ni neno. Na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa: babu awe ni mwamba wa kuegemea, na usukani ubaki mkononi mwa mama.

NJAA NA AMANA

Dinari 40 hazikukaa. Sheikh alipata dhiki kubwa katika Baghdad wakati wa ughali wa chakula. Alikuwa akienda ukingoni mwa mto kuokota majani na mboga zilizotupwa, akawakuta mafakiri wengine wamemtangulia, akaona haya kuwasukuma, akarudi.

Siku moja aliingia msikitini akiwa amedhoofika kabisa. Akaingia kijana mgeni ana mkate na nyama ya kuchoma, akaketi kula, akamkaribisha. Sheikh akakataa, yule akamshikilia mpaka akakubali. Katika mazungumzo ikadhihiri kwamba mgeni naye ametoka Jilan, naye anamtafuta kijana aitwaye Abdulkadir, mjukuu wa Abu Abdillahi Sawmai. Sheikh alipomwambia kuwa ndiye yeye, kijana akababaika, rangi ikamgeuka. Akaeleza kwamba mama yake Sheikh alimpa dinari 8 amfikishie mwanawe, naye amemtafuta hatta pesa zake mwenyewe zikamwishia, akakaa siku tatu na njaa, kisha akanunua chakula kile katika ile amana. Basi kwa hakika Sheikh ndiye mwenye chakula, na yeye ndiye mgeni wake. Sheikh akamtuliza moyo, akampa kilichobaki katika chakula na kitu katika dhahabu, akamuaga kwa wema.

Tuyapime haya. Miaka imepita, mama ni mjane, na bado anadunduliza dinari 8 na kumtafuta msafiri wa kuzipeleka. Na yule msafiri, alipotaka kumtafuta kijana mmoja katika mji mkubwa kama Baghdad, alitumia jina la babu. Mama alituma chakula, na jina la babu ndilo lililokifikisha.

ILIMU NA KAZI YAKE

Sheikh alisoma fikihi ya madhehebu ya Hanbali kwa Abul Wafa Ibn Akil, Abul Khattab Kalwadhani na Abu Saad Mukharrimi, na adabu ya Kiarabu kwa Tibrizi. Katika njia ya kuitengeza nafsi alikaa na Hammad Dabbas, aliyekuwa akifanya biashara ya asali ya matunda. Miaka zaidi ya 30 ilipita tangu kuingia kwake Baghdad mpaka alipoanza kuwawaidhi watu, mwaka 521 wa Hijra, yaani 1127. Madrasa ya mwalimu wake Mukharrimi ilikuja mikononi mwake, nayo ikawa haiwatoshi watu. Ikapanuliwa, matajiri wakitoa mali zao na mafakiri wakifanya kazi kwa mikono yao, na kazi ikamalizika mwaka 528, yaani 1134.

Hapo alisomesha, akatoa fatwa na kuwaidhi mpaka uzeeni mwake. Katika vitabu vyake ni Ghunya na Futuhul Ghaib, na hiki cha pili Ibn Taimia ameyasherehi baadhi ya maneno yake. Mwenye kuvisoma ataona kwamba kila mara Sheikh anamrejesha msomaji kwenye kufuata amri, kuacha makatazo na kuridhia kudura, na kutomtegemea kiumbe. Katika wanafunzi wake wa mwisho ni Ibn Kudama, aliyekuja kutunga Mughni, kitabu kikubwa cha fikihi. Alimdiriki mwalimu wake karibu na mwisho wa umri wake, akakaa naye muda mfupi tu kabla hajafariki.

Sheikh alifariki katika mwezi wa Mfungo Saba, mwaka 561 wa Hijra, yaani 1166, akazikwa katika madrasa yake. Wanawe, kama Abdulwahabi na Abdulrazaki, walikuwa wanavyuoni. Na mwana wa Abdulrazaki, aitwaye Nasri, akawa Kadhi Mkuu wa Baghdad. Kunia ya huyu Nasri ilikuwa ni Abu Salih, kunia ile ile ya yule baba aliyefariki Jilan akaacha mayatima wawili. Nyumba iliyodhaniwa kuwa imevunjika ikatoa Kadhi Mkuu katika kizazi cha tatu.

TUNAYOPASIWA KUYACHUKUA

Tumeyaeleza haya ili tuyatazame majumbani mwetu.

La kwanza ni kwa babu na bibi. Hapana tuliloliona katika khabari za Sawmai isipokuwa dini yake na jina lake jema. Hicho ndicho alichompa mjukuu, naye akaenda nacho mpaka Baghdad. Mtoto huyatazama yale ayafanyayo mzee alfajiri kuliko anavyoyasikiliza maneno yake ya adhuhuri. Basi mzee asimharibie mama kazi yake. Tumewaona watoto ambao mama akikataza, bibi huruhusu; mama akikasirika, mtoto hujificha nyuma ya leso ya bibi, na babu humkemea mama mbele ya mtoto. Hayo si mapenzi. Mtoto huyo hujifunza kwamba katika kila hukumu pana mlango wa nyuma, na atautafuta mlango huo maisha yake yote.

La pili ni kwa mama. Kurejea kwa wazee wako si aibu, wala si ruhusa ya kuwatupia wazee mzigo wote. Bibi aliyekwisha lea watoto wake ana haki ya kupumzika. Msaada wake ni fadhila, na fadhila hushukuriwa. Asiyefunzwa na mamaye, hufunzwa na ulimwengu. Hawakusema wahenga asiyefunzwa na bibiye.

La tatu ni kwa baba aliye hai. Baba wa Abdulkadir alikuwa kaburini, na juu ya hivyo aliacha dinari 80 zilizomsomesha mwanawe. Wewe uliye hai umeacha nini? Kumuacha mke hakumuachi mtoto. Nafaka ya mtoto ni wajibu juu ya baba, na katika madhehebu yetu ya Shafi, baba akifa au akishindwa, hugeuka kwa babu mzaa baba. Mzee mzaa mama anayemlisha mjukuu hali baba yupo na anaweza, anafanya ihsani kubwa, lakini ihsani yake haikufuti dhambi yako. Na haki ya kulea, katika madhehebu haya haya, kwanza ni ya mama, na mama akiolewa na mume mwengine ni ya mama yake mzazi. Sharia imemuweka bibi katika safu zamani, kabla ya sisi kumfikiria.

La nne halisemwi sana, nalo huleta msiba mkubwa. Mtoto wa binti si katika warithi wa babu yake mzaa mama pale wanapokuwapo wana wa marehemu. Babu akifa, siku ya kugawa mirathi, mtoto aliyekuwa akilala ubavuni mwake huonekana mgeni katika nyumba aliyokulia, na mara nyingine hutolewa yeye na mama yake kabla ya arobaini. Dawa yake iko katika sharia: babu aandike wasia kwa mjukuu asiyerithi, usiozidi thuluthi ya mali, mbele ya mashahidi, angali na akili zake na afya yake. Na akipenda kumpa kitu hali yu hai, ampe na amkabidhi. Jambo hili halitaki ila karatasi, kalamu na watu wawili waadilifu. Mzee mwenye mjukuu wa namna hii ndani ya nyumba yake, na asilale Ijumaa mbili bila ya kuliwaza.

La mwisho ni kwetu sote tunaokaa barazani. Mtoto apitapo tukaulizana ni wa nani, tuchunge ndimi zetu. Watu wa Jilan walijibu kwa heshima, wakasema ni mjukuu wa Sawmai. Wangeweza kujibu kwa neno la kumvunja, na lau wangelijibu hivyo, pengine leo pasingekuwa na wa kuitwa Abdulkadir katika miji yetu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Abdulkadir, na mama yake, na babu yake, awatie nguvu mama wote wanaolea peke yao, awape wazee wetu umri wa kheri, na awafanye mayatima wetu kuwa ni taa za umma huu. Amin.